Breki Zilikuwa Zinashika

Nati ilidondoka kwenye bakuli la bati jikoni, saa kumi na moja kasoro alfajiri, na mke wa Breki akajua kwamba mumewe ameshindwa tena kulala. Alivaa ndala akaenda kumtazama. Alimkuta amekaa sakafuni anaosha bolti kwa mafuta ya taa. Alikuwa ametandika gazeti ili sakafu isinuke, na katika mabakuli yote alikuwa amechukua lile lenye ufa. Mkewe aliliona hilo, akawasha jiko.

Breki halikuwa jina lake. Miaka ishirini na saba nyuma alikuwa dereva wa meneja wa kiwanda cha sabuni. Siku moja meneja alitaka kuendesha mwenyewe, dereva akahamia kiti cha nyuma. Kwenye kona ya posta gari lilimgonga tarishi aliyekuwa akipeleka barua kwa baiskeli, akafa pale pale. Meneja alimwomba dereva aandike kwamba usukani ulikuwa mikononi mwake, ili mambo yasikuzwe. Dereva hakuwa na mazoea ya kumkatalia mtu, akaandika. Ripoti ilisema breki zilikataa kwa sababu dereva hakuzikagua. Alinyang'anywa leseni kwa maisha yake yote, na mtaa ukampa jina.

Kilichomuuma zaidi ni hilo la breki. Alikuwa akizikagua kila asubuhi kabla ya chai.

Baada ya ajali gari lilizibwa mbonyeo, likaachwa nyuma ya ghala bila mtu kuliendesha, mpaka kiwanda kikafungwa na majani yakaota ndani yake. Mlinzi wa ghala alimwambia Breki aje alichukue, linamzibia njia. Huu sasa ulikuwa mwaka wa tatu limesimama uani juu ya matofali, na kila kilichofunguliwa kilikuwa ndani ya makopo ya jikoni, kimefungwa kitambaa chenye maandishi: mlango wa kushoto, juu; mlango wa kushoto, chini. Sukari ilikuwa imehamia kwenye birika la zamani. Breki alitaka kitu kimoja tu: ofisi ya leseni iandike upya ile karatasi, ili gari likiisha atoke nalo getini yeye mwenyewe kwenye usukani.

"Hilo dude litaisha lini?" jirani mshonaji aliuliza kila alipoanika nguo. "Au tunalisubiri litubebe siku ya kiyama?"

"Wewe utakaa kwenye buti," mke wa Breki alimjibu.

Siku ambayo Breki alikwangua bampa la mbele, chini ya kutu na puti ya kuzibia alikuta mbonyeo wa ukubwa wa sahani. Saa nne, wakati wa chai, mtu alipiga hodi getini. Alikuwa yule yule tarishi wa kona ya posta. Alisukuma baiskeli yenye gurudumu la mbele lililopinda, na suruali yake ilikuwa bado imebanwa kifundoni isishikwe na mnyororo.

"Karibu," mke wa Breki alisema, akaongeza kikombe.

"Ahsante, shemeji." Kisha akamgeukia Breki. "Nikuite kaka au mzee? Tulikuwa tumepishana miaka kumi na moja."

"Sasa thelathini na nane."

"Basi mzee."

Alikunywa chai yote, na kikombe kikabaki kimejaa. Mke wa Breki aliimwaga kwenye maua tarishi alipokuwa ametazama pembeni, asije akaona haya.

Tangu hapo alikuja kila siku saa nne, akachukua msasa na kusugua mlango. Breki, ambaye mikono yake haikujua kutulia, alimnyooshea gurudumu la baiskeli. Kesho yake lilirudi limepinda. Akalinyoosha tena. Ikawa ndiyo kazi ya kwanza ya kila siku, kabla ya gari.

Kiti cha dereva kilikuwa kimegandia kwenye reli yake. Breki alikilowesha mafuta siku mbili, akakigonga kwa nyundo ya mbao, kikaachia. Alisugua reli mpaka ikang'aa, akaipaka grisi, akasogeza kiti mbele, akaweka juu yake mto ambao mkewe alimshonea zamani kwa sababu ya ufupi wake. Miguu ilifika vizuri kwenye pedeli. Alikaa hapo. Hakushuka.

Mkewe alimpelekea maji. "Vipi?"

"Kiti hiki hakijasogezwa tangu siku ile."

"Kilikuwa kimegandia wapi?"

"Nyuma kabisa. Kwa miguu ya mtu mrefu kama meneja." Alizungusha gilasi mkononi. "Ningekiacha hivyo hivyo, hata mtoto angeona kwamba mimi nisingefikia pedeli. Nimekilainisha."

"Umekilainisha," mkewe alisema. Alimshika bega, akarudi na gilasi.

Tarishi aliendelea kusugua. "Mimi nipo," alisema. "Nilimwona meneja kupitia kioo. Alikuwa na miwani."

Walipaka rangi ya maziwa, mara tatu. Asubuhi gari lilipowaka, jirani mshonaji alikuja kuligusa boneti, akafuta alama ya kidole chake kwa upindo wa gauni. Mke wa Breki alishika usukani, kwa kuwa alikuwa amejifunza udereva akiwa na miaka sitini, akitazamia siku kama hii. Tarishi alikaa nyuma, baiskeli ikafungwa juu. Breki alikaa kando ya mkewe, na kila kona alikanyaga sakafu mahali pasipo na kitu.

"Acha kunipigia ngoma," mkewe alisema.

"Siwezi."

Karani wa leseni aliwasikiliza mpaka mwisho. Alipoona viatu vya tarishi vilivyoisha soli, alimvutia kiti.

"Shida ni kwamba shahidi hutoa maelezo ndani ya siku thelathini," alisema.

"Siku hizo nilikuwa nimeshazikwa."

"Ungemtuma mtu."

Tarishi alifikiri. "Mimi ndiye niliyekuwa natumwa," alisema.

Breki alieleza habari ya kiti. Karani alitoka nao nje, akaketi kwenye mto, akakisogeza kiti mbele na nyuma, mbele na nyuma. "Kinateleza vizuri," alisema. "Kazi safi, mzee." Lakini sasa hakikuwa kimegandia popote, na kwamba kiliwahi kugandia nyuma hakuweza kuliandika. Walirudi ndani. Aliandika kwamba wamefika, akagonga muhuri, akarudisha faili kabatini. Kwenye faili Breki alikuwa bado ndiye dereva, na breki zilikuwa bado zimekataa.

Juu ya kabati ilitundikwa picha ya mwenyekiti wa kamati ya usalama barabarani. Tarishi aliitazama wakati wa kutoka.

"Miwani amebadilisha," alisema.

Njiani Breki alifungua dirisha, akalifunga, akalifungua. Tarishi aliomba wampeleke mpaka nyumbani, maana kwa gurudumu lile hutembea mwendo mrefu. Mke wa Breki aliingia makaburini taratibu, akasimama pale njia ya kokoto inapoanza.

"Shemeji, mpishe mzee," tarishi alisema. "Humu hakuna wa kuuliza leseni."

Walibadilishana viti. Breki alipachika mto, akasogeza kiti, akakagua breki mara tatu gari likiwa limesimama. Tarishi alishusha baiskeli, akatembea hatua arobaini, akasimama katikati ya njia ameishika.

"Njoo," alisema.

Mke wa Breki hakumwambia mumewe aende wala asiende. Aliweka mikono mapajani. Breki aliingiza gia ya kwanza, kisha ya pili. Kokoto zililia chini ya matairi, na tarishi alizidi kuwa mkubwa kwenye kioo. Breki alikanyaga.

Gari lilisimama. Kati ya bampa na gurudumu lililopinda palibaki upana wa kiganja. Tarishi aliinama akapima kwa mkono wake.

"Zinashika," alisema.

"Zilikuwa zinashika hata siku ile."

"Najua, mzee. Yule hakuzikanyaga."

Breki alizima injini. Alishuka na spana yake, akapiga magoti kwenye kokoto, akalinyoosha gurudumu, ingawa wote watatu walijua litakavyokuwa kesho. Kisha alimwachia mkewe usukani, kwa sababu nje ya geti kulikuwa na barabara.

Tarishi aliegemeza baiskeli kwenye kaburi lililoota nyasi. Mke wa Breki alikuwa ameanza kung'oa nyasi zilizofunika jina.

"Tangu mama afe hajaja mtu," tarishi alimwambia. "Saa nne huwa nipo. Mje tena, shemeji. Hata kama gari halina tatizo."