Kelele za Sailensa

Tangu mzee afariki, gari lake lilitoa mlio wa kugonga kila liliposimama huku injini ikiendelea kuunguruma. Mafundi huuita mngurumo huo wa chini sailensa, kana kwamba ni ukimya, jina la ukarimu kwa gari lililosikika kama mtu anayebisha mlango kwa ufunguo. Mchana huo mvua ilikuwa imekatika ghafla. Ua ulifuka mvuke, shuka zilizosahauliwa kambani zilining'inia nzito, na ndani ya kioo cha pembeni kilichotetemeka nyumba nzima ilionekana kama iko chini ya maji.

Baba mdogo alikwisha kufunga kamba ya kuvutia gari kwenye bampa. Kwa maoni yake injini ilikuwa imekufa ndani, ingawa bado iliwaka, na mnunuzi wa vyuma chakavu alikuwa akingoja. Binti wa marehemu aliomba subira hadi fundi apime: ikiwa ni injini, gari liende; ikiwa siyo, libaki. Mama yake alisema wafanye watakavyo, akaendelea kuchambua maharage kizingitini.

Fundi alisimamisha bisibisi ndefu juu ya injini, akaegemeza sikio kwenye mpini.

“Sikio la kufa halisikii dawa, fundi,” baba mdogo alimtania.

“Langu bado, mzee. Labda la mnunuzi wako.”

Ndani ya injini hakusikia kasoro. Binti alipokanyaga mafuta, mlio ulipotea; alipoachia, ulirudi. Fundi alieleza kwamba injini iliyokufa ingezidi kupiga kelele ikikanyagwa.

Ndipo mama alipokuja kuchukua mto wake uliobaki kiti cha nyuma. Hakuwa ameingia humo tangu mazishi. Magoti yalimsumbua, kwa hiyo alikaa kwanza kabla ya kuuvuta.

Mlio ukakoma.

Walisikia matone yakidondoka kutoka kwenye shuka. Hakuna aliyesogea, na kwa kitambo hicho ua ulikuwa kama picha iliyochorwa kwa mvuke. Mama alipoinuka, mlio ulirudi. Fundi alimwomba akae tena. Ukakoma tena.

Fundi alijilaza chini ya gari na tochi. Mpira wa kushikilia bomba la moshi ulikatika zamani. Mahali pake palifungwa waya uliosokotwa vizuri, ila mfupi. Kiti cha nyuma kikiwa kitupu, waya uliinua bomba hadi likagusa ekseli ya magurudumu iliyo juu yake. Mtu akikaa, bodi ya gari ilishuka, bomba likashuka nayo, pakabaki nafasi ya upana wa kidole.

“Aliyefunga huu alipima mtu akiwa amekaa hapo juu,” alisema.

Mama alicheka kidogo. Alieleza kwamba mumewe, aliyependa kujiita dereva wake, alikuwa akimwita akae nyuma huku yeye amelala chini ya gari.

“Mimi nikadhani anataka wa kupiga naye soga.”

Fundi alisema mpira mpya ungelinyamazisha gari, akae mtu au asikae. Mama aliurudisha mto nyuma ya mgongo wake.

“Shemeji, fungua kamba yako.”

“Bosi amesema,” baba mdogo alinung'unika, akapiga goti mbele ya bampa.

Fundi alimwomba mama ashuke ili kazi ianze. Mama alivuta mlango akaufunga.

“Ngoja kwanza,” alisema. “Liache liungurume kidogo.”