Baba Yako Ameamka

Magazeti yamempa mdogo wangu majina mengi makubwa. Wapo walioandika kwamba akiishusha sauti mpaka ikawa mnong'ono, ukumbi mzima husahau kukohoa. Sisi nyumbani tunamwita Redio. Jina alipewa na majirani enzi za chumba chetu kimoja, kwa kuwa alianza kuimba kabla ya kunawa uso na akanyamaza akishalala, na si mara zote.

Shida ni kwamba baba alikuwa mlinzi wa usiku kwenye bohari ya saruji. Alirudi asubuhi, akala, akajitupa kitandani nyuma ya pazia, na sisi tukaishi upande wa pili wa pazia hilo tukinyata. Kumnyamazisha Redio kulishindikana, kwa hiyo mama alimpa ruhusa nusunusu. "Baba yako amelala," alimwambia, na mkono wake ukashuka taratibu hewani, kama mtu anayepunguza moto wa jiko. Basi Redio aliimba nyimbo nzima kwa kasauti ka kumbembeleza nzi, hata pale wimbo ulipopanda juu kabisa, na hakakukatika. Mimi nilikuwa nashona pembeni, nikimwombea koo limkauke.

Halikukauka. Alipitia kwaya, akapitia chuo cha muziki, akaishia kwenye opera, ambako watu huigiza mchezo mzima kwa kuimba. Wanatongozana wanaimba, wanachomana visu wanaimba, na hata anayekata roho hakubali kufa mpaka amalize ubeti. Redio huimba sauti ya tatu, ile ya juu ya wanaume, na ameiimba katika miji ambayo mama hutamka majina yake kwa kubahatisha.

Lakini mama hakuwahi kumsikia ukumbini. Kwanza alikuwa na baba wa kumuuguza, kisha baba akatutoka. Halafu sikio lake la kushoto likaziba moja kwa moja, na mwaka huu ukaonekana uvimbe nyuma ya lile la kulia. Daktari hakumzungusha. Uvimbe lazima utolewe, na huenda ukaondoka na usikivu wote. Nafasi ya upasuaji iliyopatikana ilikuwa Ijumaa asubuhi. Jioni ya Ijumaa hiyohiyo, mtaa wa pili kutoka hospitalini, Redio alikuwa anarudi jukwaani baada ya miezi mingi ya kunyamazishwa na madaktari wa koo. Kilichobaki ni mazoezi ya mwisho, Alhamisi mchana. Mama amsikie hapo, au pengine asimsikie tena maisha.

Redio aliniahidi kwamba wimbo wake mkubwa wa sehemu ya pili ataufungulia koo, kwa ajili ya mama. Akatupatia viti vya mbele, upande ambao sikio la kulia lingeelekea jukwaani. Mama alivaa gauni lake la harusi za watu, akaukumbatia mkoba wake na kukaa wima. Mimi nililikagua pazia la jukwaa. Ndiyo kazi yangu, nashona mapazia, na pindo la lile lilishonwa na mtu aliyekuwa na haraka ya kwenda kula. Nilipomwambia mama, alinifinya.

Pazia likafunguka, okestra ikanguruma, Redio akatokea na koti la kijeshi lenye vifungo vingi. Akafungua mdomo, kikatoka kitu kidogo. Maneno yalikuwepo na wimbo ulikuwepo, ila sauti ilikuwa ya mtu anayeongea na simu akiwa msibani. Mimi sikushtuka. Waimbaji wa opera, siku moja kabla ya onyesho, huimba nusu sauti ili kuhifadhi koo, na hakuna anayewalaumu. Nikasubiri sehemu ya pili.

Ule wimbo mkubwa ukafika, naye akauanza vilevile, nusu. Nilimtazama usoni nikajua. Mdogo wangu alikuwa anaogopa. Tangu augue hakuwa ameitoa sauti yote mbele ya watu, na hakutaka kugundua siku hiyo kwamba haipo.

Mama alikuwa ameinama mbele, kiganja nyuma ya sikio. Akanigeukia, macho yamelowa.

"Bado anafanya vile," akasema. "Kama baba yake amelala. Nilimziba mdomo mwanangu, na mpaka leo hajazibuka."

Nilijaribu kumweleza kwamba ni desturi ya kazi, kwamba wote hufanya hivyo. Nilikuwa naongea na kiti. Mama alishasimama, akaenda mpaka kwenye uzio mfupi unaotenganisha wasikilizaji na wapigaji. Kiongozi wa okestra, mzee asiyevumilia hata mlango kulia, akashusha fimbo yake, vyombo vikanyamaza kimoja kimoja.

"Mwanangu," mama akasema. "Ni mimi niliyekuziba mdomo. Baba yako ameamka. Imba."

Nilitamani ardhi inimeze pamoja na kiti changu. Redio akaja ukingoni mwa jukwaa, akachuchumaa na vifungo vyake vyote.

"Mama, hukuniziba mdomo," akasema, polepole ili sikio lile limfikie. "Hii ndogo ndiyo inayowatoa watu makwao kuja kunisikia. Nilijifunza nyuma ya pazia la baba, na wewe ndiye mwalimu. Nakushukuru kila ninapoitumia."

Mama akajifuta uso. "Nashukuru kusikia hivyo. Lakini leo nimekuja kusikia ile nyingine."

Redio akacheka. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu koo limshike. Akamwomba mzee waanze mwanzo wa wimbo, na yule mzee, badala ya kuwaka, akavua miwani, akaipangusa, akainua fimbo.

Sijui kusifu muziki. Najua kwamba sauti ilitoka yote, nzima, na nilihisi mbao za sakafu zikitetemeka chini ya viatu vyangu. Nililia bila aibu na nikamshukuru Mungu kwa jina la kila mmoja wetu, baba akiwemo. Mama alibaki pale kwenye uzio. Wimbo ulipofika kileleni, mkono wake ukainuka wenyewe, ukaanza kushuka taratibu hewani. Redio aliuona. Akaifuata sauti yake chini pamoja na mkono ule, ikapungua, ikapungua, haikukatika. Kiongozi wa okestra naye akaufuata.

Ijumaa upasuaji ulikwenda salama, na jioni Redio aliimba mpaka watu wakakataa kwenda nyumbani. Jumamosi mchana tulimkuta mama wodini, kichwa kimefungwa bandeji, wagonjwa wengine wamepitiwa na usingizi. Daktari alituambia tusitegemee kwamba atasikia tena. Redio alimwita, mama hakugeuka mpaka alipoona kivuli chake. Akatabasamu, akamwekea mkono kifuani na kumwashiria aimbe.

Akaimba. Mama akasikiliza kwa kiganja, kisha akakunja uso.

"Hiyo ni nusu," akasema, kwa sauti kubwa ya mtu asiyeisikia sauti yake mwenyewe.

Redio akamwonyesha vitanda vya jirani. Mama akawatazama waliolala, akatikisa kichwa kukubali.

"Sawa, waache walale," akasema, na mkono hakuuondoa. "Ile nyingine ninayo."