Sauti Iliyobaki Kwenye Bodi

Shemeji yangu alinivunja vidole vya mkono wa kulia kwa nyundo ya karakana yetu wenyewe, mchana kweupe, mlango ukiwa umeegeshwa tu. Nasema yetu kwa sababu tulikuwa washirika. Yeye ndiye aliyenifundisha kutengeneza mashine za gemu, na mimi ndiye niliyemtambulisha kwa mdogo wangu, akamwoa. Tulikaa meza moja bega kwa bega, tukinyang'anyana bisibisi na kutaniana, mpaka mdogo wangu alipokufa. Shemeji alisema mkewe ameteleza bafuni. Watu wakampa pole, nami nikampa, tena nikamshika bega pale makaburini. Hadi leo natamani kuukata mkono ule.

Mama alitaka mashine ya gemu ya marehemu wapewe watoto wa kaka yetu. Nikaichukua nyumbani kwao, nikaileta karakana niisafishe. Shemeji alikuwa ametoka kununua waya wa lehemu. Nilipoiwasha nikaona klipu moja yenye tarehe ya kifo. Mashine za toleo lile hurekodi kimyakimya dakika za mwisho za mchezo. Ukibonyeza kitufe kidogo kwenye pedi ya kuchezea, zinahifadhiwa, pamoja na sauti iliyoingia kwenye kipaza sauti cha pedi yenyewe. Mdogo wangu aliolewa na fundi. Kitufe hicho alikijua.

Nikaifungua. Kwenye televisheni mchezaji mwenye mpira alisimama ghafla, hana wa kumwongoza. Ikaja sauti ya shemeji: "Weka hiyo chini." Kikafuata kishindo, na mdogo wangu akalia.

Nilipogeuka, mwenye sauti alikuwa mlangoni, kibunda cha lehemu mkononi. Alikwenda moja kwa moja ukutani akang'oa waya wa umeme wa mashine. Mimi nikaikumbatia mashine. Akanishika kifundo cha mkono, akaubandika mezani, akapiga nyundo. Akapiga tena. Nilitapika palepale nilipoangukia, na kupitia machozi nikamwona anaweka mashine upande na kufungua kifuniko cha ubavuni.

Hapo ndipo alipokosea, na kosa lenyewe ni la fundi, mtu baki asingelifanya. Matoleo ya zamani, ambayo ndiyo yaliyotulisha mimi na yeye miaka, diski yake ilikaa kwenye droo ubavuni. Ukiichomoa umebeba kila kitu: magemu, klipu, akiba zote za mchezo. Mikono ya shemeji ilizoea hivyo. Toleo hili jipya wameamua vingine. Memori kuu imelehemiwa kwenye bodi, ule ubao mkuu wa saketi, na kufungwa kwa ufunguo wa siri ulio ndani ya bodi hiyohiyo. Bodi ikifa, hakuna fundi duniani wa kuisoma. Kile kijiti cha memori ya ziada cha ubavuni, ambacho alimwongezea mkewe kwa mkono wake, kinabeba magemu tu. Klipu hazikai huko.

Akakichomoa kijiti, akakivunja kwa koleo, akatia vipande mfukoni. Kisha akachuchumaa mbele yangu, mpole kabisa.

"Nyundo imekuponyoka, shemeji, ikakuangukia mkononi. Tumeelewana?"

Mtu mwenye akili timamu angeitikia, angelia kidogo, angemsubiri aondoke. Lakini mimi mdomo wangu haujawahi kunitakia mema. Nilimwona anavyojiamini, roho ikanichafuka, nikacheka.

"Umevunja magemu yake tu, fundi."

Nilijuta kabla sijamaliza kulisema. Uso wake ulituama. Nilimwona anakumbuka mwenyewe, hatua kwa hatua, kile anachokijua vizuri kuliko mimi. Akainuka, akaigeukia mashine.

Pigo la kwanza lilipasua kasha na feni. La pili lilibonyeza pawa saplai, kile kisanduku cha kupokea umeme. Bodi iko chini ya hapo, ina bamba jembamba tu juu yake. Nikajirusha na mkono wangu mzima, wa kushoto, nikaokota pasi ya lehemu iliyokuwa inawaka kwenye kishikio chake, nikamsokomeza chini ya sikio. Harufu ya nyama ilijaa chumba. Akaachia nyundo, akanikaba koo kwa mikono yote miwili, tukaanguka na meza pamoja na skrubu zote za wateja. Macho yalianza kuniingia giza. Nikaitafuta tena sura yake kwa ile pasi. Safari hii iliingia jichoni.

Aliniachia. Nikaiokota nyundo nikampiga goti, nikapiga tena, na sitadanganya hapa: wakati huo sikuwa najihami. Nilimpiga kwa sababu nilitaka kumsikia analia. Fundi cherehani, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, ndiye aliyenivuta kwa nyuma na kunikalia.

Askari aliyeitwa na majirani alipofika alikuta mwanamke mwenye nyundo na mwanamume asiye na jicho. Shemeji, na maumivu yake yote, aliwahi kusema kabla yangu. Alieleza kwamba msiba umenichanganya akili, kwamba nimemvamia, na kwamba hata mkono nimejivunja mwenyewe katika fujo zangu. Alisema kwa upole uleule, na askari akaniambia nisimame twende.

Nilimwomba anisikilize kitu kimoja tu kwanza. Akatazama lile kasha lililopasuka, akaniuliza kama namfanyia mchezo, kisha akanipa muda mfupi.

Vidole vyangu vilikuwa vimevimba, haviwezi kushika hata bisibisi. Basi mikono ilikuwa ya fundi cherehani. Memori ile huwezi kuihamishia mashine nyingine, lakini vingine vyote unaweza kuiletea bodi. Nikamwelekeza afungue mashine ya mteja ya toleo hilohilo, atoe pawa saplai na feni, avipachike kwenye mashine ya mdogo wangu. Aliangusha skrubu, akanitukana na mimi nikamtukana. Shemeji alikuwa ameegemea ukuta, kitambaa jichoni. Taa ya mbele ikawaka, ikazima, ikawaka na kubaki.

Tukasikiliza wote.

"Dada anakuja," mdogo wangu alisema, baada ya kile kilio cha kwanza. "Nimempigia. Yuko njiani."

Hakunipigia. Alikuwa anamtisha tu.

Shemeji akacheka, kicheko kilekile nilichokizoea mezani. "Dada yako nimemwacha karakana sasa hivi. Nimemwambia unaumwa kichwa. Kasema nikuache ulale."

Nilisema hivyo kweli. Nilisema nikiwa nafunga feni ya mteja, hata sikuinua uso.

Vikafuata vishindo. Askari alinyoosha mkono azime, nikamwambia aache. Nilivisikia vyote. Klipu ikakatika pale mdogo wangu alipobonyeza kitufe cha kuihifadhi, na wakati huo alikuwa bado hai, anahema karibu kabisa na pedi.

Askari akamfunga shemeji pingu. Mimi nikamwomba fundi cherehani airudishe nyuma kidogo, nimsikie tena mdogo wangu anavyohema.