Kazi ya Tata Ngeleka

Mara ya tatu rangi ya buluu ilirudi. Mignonne Kabemba aliiona ikipanda polepole ndani ya chupa, kama wino unaoenea kwenye maji, wakati alikuwa ameshaandika namba na kuweka kalamu chini. Akafuta namba, hesabu ya matone yaliyoiondoa buluu. Akaimwaga chupa kwenye sinki, akaisuuza, akapima tena unga wa mawe yaliyotoka mgodi wa Mashamba na kuanza upya. Ilikuwa saa nne asubuhi, siku yake ya nne kazini, na sampuli kumi na nane zilikuwa mezani zikimngoja aseme kila moja ina shaba kiasi gani.

Shefu Mukalay aliingia bila kubisha. Miezi miwili nyuma alikuwa karani wa bohari ya mafuta. Sasa maabara yote ilikuwa chini yake.

"Mignonne, namba iko wapi? Bakubwa banangoja."

"Tata shefu, rangi inapotea, kisha inarudi. Kama inarudi, namba ni ya uongo."

Mukalay aliinama akaitazama chupa kama mtu anayetazama injini ya gari la mwenzake. "Andika tu ile namba ya jana."

"Ya jana ilikuwa ya mawe ingine."

"Mawe ni mawe," alisema Mukalay, akatoka.

Mignonne alikuwa ameisubiri kazi hii karibu miaka miwili. Alimaliza shule ya masista, tawi la kemia, akapata diploma ya serikali kwa asilimia sitini na tatu. Tangu siku hiyo alitembea Kolwezi nzima na barua zake ndani ya mfuko wa plastiki, mvua isizilowanishe. Kila ofisi waliuliza swali moja: uko na mutu huku ndani? Hakuwa na mtu. Chuo kikuu cha Lubumbashi kilikuwa kinafunguliwa mwezi mmoja na kufungwa mitatu. Alijaribu kukaanga mandazi; bei ya unga ikapanda mara mbili ndani ya juma moja. Alijaribu cherehani ya shangazi. Wateja hawakuja, kwa maana mishahara ya migodini ilikuwa hailipwi. Usiku alilala akijiona mzee wa miaka ishirini.

Ndipo ukafika mwezi wa tatu, mwaka wa tisini na tatu. Vijana walipita mitaani na filimbi na mawe, wakisema watu wa Kasai, mkoa wa jirani, warudi kwao. Waliovunjiwa milango walikimbilia shuleni na stesheni ya treni. Katika wafanyakazi kumi na wawili wa maabara, tisa hawakuonekana tena. Juma lililofuata, jirani mmoja alikuja nyumbani kwa kina Kabemba akasema, "Sasa nafasi iko." Mama yake Mignonne aliimba alipokuwa akiipiga pasi blauzi yake. Baba yake, mchimbaji aliyekohoa vumbi tangu ujana, alisema jambo moja tu: "Kazi ni kazi. Usiulize kiti kilikuwa cha nani."

Hakuwa na haja ya kuuliza. Kila mtu alijua kwamba meza ya shaba ilikuwa ya Tata Ngeleka, mmoja wa wale tisa. Binti yake Abigaëlle alikaa dawati moja na Mignonne kwa miaka minne, na mtihani wa serikali alimpita kwa alama nane.

Saa sita, wakati wa kula, Mignonne alichukua kifurushi cha ugali wa bukari na mboga ya sombe alichofungiwa na mama yake, akaenda stesheni kwa miguu.

Watu walikuwa wamejaa tangu jengo la tiketi hadi ng'ambo ya reli. Walikaa chini ya maturubai pamoja na kabati zao, vyuma vya vitanda, hata milango waliyoibandua wenyewe kabla haijaibwa. Baadhi walikuwa wamengoja treni juma la tatu. Mahali pote palinuka moshi na kuhara kwa watoto. Mignonne alipita akitazama chini, kwa sababu waliomtambua waliacha kuzungumza.

Abigaëlle alikuwa anasugua sufuria kwa mchanga. Hakusimama.

"Ulikuja kutuangalia?"

"Nilikuja kumuona tata."

"Banasema ulipata kazi."

"Ee."

"Kiti ya nani?"

"Abi, weye unajua."

"Mi nataka useme na kinywa yako."

"Ya tata yako."

"Muache apite," ilisema sauti nyuma ya turubai. Tata Ngeleka alikuwa ameketi juu ya furushi, miwani yake imefungwa kwa uzi upande mmoja. Alikuwa amekonda, na ndevu zilikuwa zimemwota nyeupe. "Mutoto, semaka. Kuna nini?"

"Tata, buluu inarudi."

Mzee alinyanyua kichwa. "Kisha dakika ngapi?"

"Moja. Mara ingine mbili."

"Na asidi, unaichemsha mpaka wapi?"

"Mpaka mawe yote iyeyuke."

"Na ule moshi ya rangi ya chungwa?"

"Unabakia kidogo."

"Ndiyo ile!" Alipiga goti lake kwa kiganja. "Usitoe ku moto mpaka moshi yote iishe. Kabisa! Ukiacha hata kidogo, inakuchezea. Unaona namba, unafurahi, kisha inarudi." Alivuta kipande cha katoni, akaokota kaa, akaanza kuchora chupa, mwali wa moto na mrija. "Na dawa ya buluu, usiiweke mbio. Ngoja maji ikuwe kama chai ya maskini, ile ya majani moja. Pale ndiyo unaweka."

Aliongea haraka, mikono yake ikishika vyombo ambavyo havikuwepo. Abigaëlle alikuja akasimama juu yao, sufuria mkononi.

"Tata, balitufukuza na mawe. Na weye unamufundisha?"

"Nilitumika ku ile meza miaka makumi mbili na mbili," alijibu Ngeleka bila kuacha kuchora. "Namba ya uongo ikitoka pale, inaniuma hata nikiwa wapi."

"Muache tu," alisema mke wake, Mama Bilonda, kutoka ndani. "Kila siku anatuhubiria chupa. Leo alipata mutu wa kusikia."

Mignonne aliweka kifurushi cha bukari chini. Mama Bilonda aliwagawia wajukuu. Abigaëlle hakugusa.

Alasiri ile Mignonne alichemsha mpaka juu ya chupa pakawa safi kabisa. Aliiacha ipoe, akafuata mchoro wa katoni hatua kwa hatua. Tone la mwisho lilipoanguka, buluu ilitoweka na maji yakabaki meupe kama maziwa. Alihesabu dakika tano. Haikurudi. Furaha ilimkamata akataka kupiga kelele, halafu akakumbuka ujuzi huo aliutoa wapi, akaketi.

Sampuli zote zilipokwisha, Mukalay alisoma namba akatabasamu. "Umeona? Kesho utaanza kobalti."

"Kobalti siijui, tata shefu. Tumuite Tata Ngeleka, juma moja tu. Atufundishe."

Mukalay alifunga mlango haraka. "Weye unataka banichomee nyumba?" Akateremsha sauti. "Mama mukwe yangu ni wa kule Kasai. Hakuna anayejua hapa. Nyamaza, mutoto. Andika chochote utapata."

Saa kumi na moja kasorobo honi ya treni ilisikika. Mignonne alivua koti jeupe akatoka mbio bila ruhusa.

Yalikuwa mabehewa ya kubebea madini, na watu walipakiana ndani na juu kwa kusukumana. Alikimbia toka behewa hadi behewa akiita, mpaka akaiona miwani yenye uzi.

"Tata! Kobalti!"

"Kobalti iko ingine!" Mzee alijisukuma mpaka mlangoni. "Kwanza toa chuma! Chuma yote! Usipoitoa, inakudanganya!"

Magurudumu yalianza kusogea. Mignonne alikimbia pembeni, akiandika kwenye kiganja chake.

"Kisha unaweka..."

Mkono wa Abigaëlle ulipita mbele ya kifua cha baba yake, ukamvuta ndani. "Basi, tata," alisema. Alibaki yeye mlangoni, akimtazama Mignonne bila kupepesa, mpaka behewa likapinda nyuma ya maghala.

Mignonne hakumlaumu.

Kesho yake sampuli kumi na moja za kobalti zilikuwa mezani kabla hajafika. Mukalay alifungua daftari, akamwonyesha safu tupu ya namba, akaenda ofisini kwake. Mignonne alivuta kiti akaketi. Angeweza kuandika chochote; hakuna mtu katika jengo lile angejua tofauti. Alichukua kalamu. Katika mistari yote kumi na mmoja, kwa herufi kubwa, aliandika maneno yale yale:

HAIJULIKANI. ALIYEIJUA ALIFUKUZWA.

Akatia sahihi jina lake lote, akaliacha daftari wazi, akasikiliza viatu vya Mukalay vikirudi kwenye korido.