Jina la Mama Nhan

Siku ya kumbukumbu ya kifo cha mama yake, Bi Nhan alichemsha kuku, akapika wali wa kunata na supu ya machipukizi ya mianzi, akaacha samaki jikoni mpaka mchuzi ukakauka na mifupa ikalainika. Alipanga sinia mbele ya meza ya wahenga. Kisha akachota bakuli la uji, akalipeleka uani karibu na tangi la maji ya mvua. Mama yake alikuwa amesimama palepale aliposimama tangu Bi Nhan akiwa mtoto wa miaka saba. Vifaranga walipita katikati ya miguu yake wakidonoa.

Ndani, Mzee Thuc, mkuu wa ukoo wa Doan, aliwasha vijiti vya udi akaanza kuita majina. Marehemu waliingia, wakavua kandambili, wakakaa mkekani. Baba yake Bi Nhan alikuja, na mke wake mkubwa. Alipofika kwa mke wa pili, ambaye siku yenyewe ilikuwa yake, Mzee Thuc alikohoa, akapita.

Kitabu cha ukoo kilisema: mke wa pili, jina halijulikani. Asiyeitwa kwa jina alilopewa na wazazi wake haingii ndani, na kwa kuwa hakuitwa, hata kuagwa haagwi. Wenzake wakila huondoka. Yeye hubaki uani mwaka mzima. Uji wake huwahiwa na marehemu wa barabarani, wale wasio na kwao. Wana fujo, na yeye hakulelewa kugombea chakula.

"Baba," Bi Nhan aliuliza akimwekea wali, "mama ulikuwa ukimwitaje?"

"Wewe."

"Mimi?"

"Nilikuwa namwita 'wewe'. Ulipozaliwa nikamwita Mama Nhan. Nipe chumvi."

Mama mwenyewe alikuwa amekwisha kuulizwa mara nyingi. Alijibu kuwa anaitwa Mama Nhan. Lingine lolote alikuwa amelisahau.

Mzee Thuc akasema kitabu kinakwenda kuchapwa upya baada ya mavuno, na baada ya hapo hakifunguliwi tena mpaka kizazi kingine. "Lete jina, dada, nitaliandika na nitaliita. Sina kinyongo naye."

Bi Nhan alikuwa akitema damu tangu masika. Alijua kwamba akienda yeye, hata huo uji hautakuwa na wa kuutoa nje.

Jambo moja tu lilijulikana, nalo lilitoka kinywani mwa mke mkubwa: mke mwenzake aliletwa akiwa msichana kutoka ng'ambo ya mto, mwaka wa njaa. Basi Khoat, mpwa wake Bi Nhan, alitoa pikipiki. Bi Nhan akamtoa mama yake uani kwa mkono, akampandisha nyuma, mwenyewe akakaa katikati.

"Bibi, shika vizuri," Khoat alisema. "Ukianguka hatuna pa kukuzika mara ya pili."

"Endesha, mjinga wewe," Bi Nhan akamjibu.

Walizunguka vijiji vya ng'ambo. Kwenye ofisi ya kata waliambiwa karatasi za zamani ziliungua vitani. Wakuu wa koo waliwafungulia vitabu vyao, na ndani mlikuwa na wanaume peke yao, baba na mwana na mjukuu, kana kwamba walizaana wenyewe. Hatimaye, katika kijiji cha Soi, mama alishuka pikipiki ingali inatembea. Akapita ndani ya ukuta wa matofali, mahali ambapo zamani palikuwa na njia, akatokea kwenye ua wa nyumba ya ukoo wa Lai. Bi Nhan na Khoat walizungukia getini.

Mwenye nyumba, Quynh, alikuwa akinoa mundu. Aliwasikiliza, akanawa mikono, akaleta kitabu.

"Sisi hapa ni watu wa kisasa," alisema. "Tunaandika hata wasichana. Babu alikuwa na watoto wawili. Marehemu baba yangu, na shangazi Thoa. Shangazi alizaliwa mwaka uliofuata njaa. Nimemzika mwenyewe."

"Mama yangu alikuwa mkubwa kuliko huyo."

"Hayumo."

"Amesimama nyuma yako."

Quynh aligeuka akamtazama. "Shikamoo, bibi," alisema, kisha akarudi kwenye ukurasa. "Lakini kitabuni hayumo. Njooni siku ya kumbukumbu ya babu, mumuulize mwenyewe."

Wakarudi siku hiyo. Babu alikuwa mkekani akitafuna mguu wa kuku. Alimwona binti yake mlangoni na hakuacha kutafuna.

"Huyo nilimtoa kwa kikapu cha pumba za mpunga," alisema. "Tulikula pumba zile mwezi mzima. Baba yake Quynh alipona kwa pumba zile."

"Jina lake, babu," Bi Nhan alisema.

"Thoa."

Mama hakugeuka.

"Thoa si ni mdogo wake?"

"Mdogo alipozaliwa nikampa yeye. Lilikuwa jina zuri, nalo limebaki bure. Ningelitupa?"

"Mwenyewe alikuwa hai!"

"Kwenu. Hapa alikuwa ameondoka."

"Basi mpe lingine. Moja tu, lolote."

Babu alifuta vidole. "Msichana aliyetoka nyumbani kwangu si wangu tena. Mwambie mkuu wa ukoo wenu."

Mzee Thuc alipoambiwa alitikisa kichwa. Mtu hapewi jina na watoto wake, alisema, wala na ukoo alioolewa. Jina alilopewa na baba yake ni Lai Thi Thoa, yaani Thoa binti wa ukoo wa Lai, na hilo linatosha. Akaliandika kwa mwandiko mzuri. Kitabu kikachapwa kwa jalada jekundu, na watu wa ukoo walifurahi kwamba hakina pengo.

Mwaka uliofuata Bi Nhan alipika akiwa ameketi kwenye kigoda, kwa sababu miguu haikumbeba tena. Mzee Thuc aliwasha udi, akaita, safari hii bila kukohoa: "Lai Thi Thoa!"

Mwanamke mnene aliyevaa koti la sufu aliingia getini. Mama alisogea kando ya tangi kumpisha mgeni. Mwanamke akavua viatu, akaingia ndani, akakaa mahali pa mke wa pili.

"Mama mdogo," Bi Nhan alisema, "hilo jina ni la mama yangu."

"Najua, mwanangu. Lakini sikuliiba, nilipewa. Nikiitwa nakuja, nifanyeje?"

"Huwezi kumwachia siku moja?"

"Ningeweza, ningemwachia. Mwite uone."

Bi Nhan alijiburuta mpaka kizingitini, akaita jina lile kwa sauti yote aliyobakiwa nayo. Uani mama alitazama barabarani, kuona ni nani anayeitwa.

"Naam," mama mdogo akaitika kutoka mkekani.

Mzee Thuc akasema chakula kinapoa. Aliyeitwa hafukuzwi, kwa hiyo Bi Nhan alirudi akampakulia mama yake mdogo, naye akala kwa adabu, akausifu mchuzi, akaomba aongezewe samaki. Bi Nhan akamwongezea.