Maneno Asiyoyasikia Kalafi

Kalafi ndiye aliyeileta ile piano. Aliikuta imetupwa nyuma ya kanisa pale Nuku'alofa, mji mkuu wa Tonga, akawaita wenzake wa timu ya raga, wakaibeba hadi nyumbani huku wakitukanana njia nzima. Dada yake, Lesieli, alikuwa na miaka minane. Tangu hapo, kila jioni dada akipiga, kaka alijilaza barazani, kofia usoni, na kipande kikimkolea alipaza sauti: "Hicho hicho! Rudia!" Baadaye Lesieli alipata wasikilizaji maelfu, lakini wa namna ile hakumpata tena.

Alipofika miaka kumi na tisa akaanza kutia maneno. Na maneno ya msichana wa umri ule yangekuwa ya nini kama si ya mapenzi? Siku ya kwanza alipoimba habari za midomo ya mtu, Kalafi aliinuka, akachukua kofia yake, akatoka. Hakununa. Kwa mila za Tonga, kaka hasikii mambo ya mapenzi mbele ya dada yake, basi. Hata filamu ikifika pa kubusiana, mmoja wao hukumbuka ghafla kwamba nguruwe hawajalishwa.

Wimbo ule ulimpeleka Lesieli Auckland, ukaingia redioni, ukachezwa harusini visiwani kote. Kalafi alikuwa akizima redio. Harusini alikuwa akitoka. Dunia nzima iliujua isipokuwa mtu mmoja, na huyo ndiye Lesieli aliyetamani ausikie, walau mara moja tu.

Kisukari kilipomla Kalafi mguu, Lesieli alirudi nyumbani. Dada haingii anapolala kaka yake, kwa hiyo alikaa sebuleni kwenye piano, ukuta ukiwa katikati yao. Akaanza wimbo wake, na maneno yake yote. Mama akatoka jikoni mbio, tui likimchuruzika mikononi.

"We Lesieli! Una akili kweli? Mwenzio atatokaje humo, na mguu hana?"

Aibu ilimpanda mpaka masikioni. Akafunga mdomo. Vidole vikaendelea na wimbo uleule, bila neno hata moja.  Kisha chumbani ikasikika sauti, imechoka:

"Mama! Mwambie hicho hicho. Arudie."

Alirudia mara nne, huku analia.

Wiki ya tatu Kalafi akafariki. Kwenye msiba wa mwanamume, dada ndiye mwenye heshima kuu, hata akiwa mdogo kwa umri, hivyo Lesieli akaketishwa kichwani pa maiti. Tangu utotoni walikuwa hawajawahi kukaa chumba kimoja kutwa nzima. Nyimbo za kanisa zilipotulia, binamu mmoja akasogea na gitaa.

"Dada, tuimbie ule wako. Si ulitaka ausikie? Leo hatoki."

Watu wakamgeukia. Alikuwa na hamu ya kuimba kuliko siku zote za maisha yake. Akamnyooshea kaka yake ukosi wa shati.

"Siwezi," alisema. "Kaka yangu yumo humu."