Suruali Chini ya Sindano

Siku mume wangu, fundi cherehani, alipofariki, aliacha suruali ya mteja chini ya sindano, mguu mmoja tu umeshonwa. Kwa miezi saba sikuigusa. Kila Jumamosi niliitia mashine mafuta, basi.

"Wifi, mafuta yote hayo, unataka kuikaanga?" dada yake alinitania.

Nikacheka, kisha nikalia. Niliogopa kwamba nikiimaliza, hakitabaki kitu alichokianza yeye.

Akanishika mkono. "Kaka yangu yuko kwa Mungu, wifi. Huko hadaiwi suruali."

Tukaomba pamoja. Nikakaa kwenye kiti chake, nikashona mguu wa pili taratibu. Mteja aliichukua jana. Leo jirani ameleta kitambaa cha gauni, nami nimeanza kukikata.